Mashimo Ambayo Hatukuyachoronga

Nikiulizwa kazi ya utafiti wa madini imenifunza nini, huwa naanza na jambo linalowachekesha watu: mashimo ninayojivunia zaidi ni yale ambayo hatukuyachoronga. Wengi wanadhani mjiolojia hulipwa kwa kugundua. Ni kweli, ila sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kufuta. Unakabidhiwa leseni ya mamia ya kilomita za mraba, na madini, kama yapo, huenda yamejibanza kwenye hekta chache tu. Vifaa vyote nilivyowahi kushika, kuanzia nyundo na dira hadi droni, vinakusaidia kusema "hapa hapana" mapema, kwa gharama ndogo, bila kuiumiza ardhi ya watu.

Nilipoanza kazi hatukuwa na ustaarabu huo. Kampuni iliyoniajiri kwanza ilikuwa ikifyeka njia zilizonyooka porini, moja kila baada ya mita mia, halafu inachimba mitaro popote lilipoonekana jiwe jeupe la kwatzi. Mitaro mingine ilimzidi mtu kimo. Fedha zilipokata, mradi ulifungwa kwa barua fupi, tukapanda magari, mitaro ikabaki wazi. Nilirudi eneo lile miaka ya baadaye nikiwa na waajiri wengine. Njia zile zilikuwa bado zinaonekana, maji ya mvua yameshazifanya makorongo. Wenyeji walitupokea vizuri, lakini mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, nyinyi mnakuja kutafuta mali. Mbona mkiikosa mnatuachia mashimo?"

Swali lile limekaa nami kuliko mafunzo mengi niliyolipiwa. Miradi mingi ya utafiti haifiki kuwa mgodi. Kwa hiyo wenyeji wengi wanaokutana na sisi hawatauona mgodi wala ajira wala mrabaha. Watawaona watafiti, kisha hawatawaona tena. Kwao alama tunazoacha ndiyo sekta nzima ya madini. Mtu anayezungumzia uendelevu akianzia kwenye bwawa la maji machafu la mgodi amechelewa sana.

Siku hizi wiki za kwanza za mradi nazimaliza nimeketi mbele ya kompyuta, buti ziko mlangoni. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa mwaka 1972, na mwaka 2008 Marekani iliamua picha zake zipakuliwe bure. Kwa watu wa miamba, raha zaidi ilikuja na ASTER, kifaa cha Wajapani kilichopanda angani na setilaiti ya Terra mwishoni mwa 1999. Kilikuwa na bendi sita, yaani vipande sita vya mwanga, kwenye mawimbi mafupi ya infraredi ambayo jicho haliyaoni, kule ambako madini kama kaolini, aluniti na maika hunyonya mwanga kila moja kwa namna yake. Bendi hizo zilikufa mwaka 2008 baada ya mfumo wa kuzipoza kuharibika, lakini picha zilizokusanywa kabla ya hapo bado tunazitumia, maana mwamba haubadiliki kwa miaka michache. Anayetaka picha mpya anayo Sentinel-2 ya Ulaya, yenye pikseli za mita 10, au EnMAP ya Ujerumani, iliyorushwa 2022 na yenye bendi zaidi ya mia mbili.

Picha hizo huonyesha mahali ambapo maji ya moto ya kale yaliyapika mawe na kuyageuza kuwa udongo wa aina fulani. Hazionyeshi zaidi ya hapo. Penye msitu zinaona majani. Na penye watu zinaona kazi ya watu: niliwahi kuletewa ramani yenye doa zuri la kaolini, jembamba, refu, lililonyooka kupita kiasi. Tulipofika tulikuta barabara iliyomwagiwa kifusi cheupe.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya usumaku, pengine kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Tulikuwa tumeegesha gari chini ya mti, msaidizi amebeba magnetomita mgongoni na fimbo yake imechomoza juu ya kichwa, mzee mmoja akasogea kutazama.

"Hicho kidude kinaona dhahabu?"

"Hapana, mzee wangu. Dhahabu haina usumaku."

"Sasa mtaipataje?"

Sijawahi kuulizwa swali bora kuliko hilo, hata na wawekezaji. Hakuna kifaa cha jiofizikia kinachoona dhahabu. Kinapima tabia moja ya mwamba, iwe usumaku, uzito au jinsi unavyopitisha umeme, kisha akili ya mtu ndiyo inayounganisha tabia hiyo na madini. Maji ya moto yaliyoleta dhahabu mara nyingi huila magnetaiti, yale madini ya chuma yenye usumaku, ya mwamba yanaoupitia na kuacha pairaiti, ya chuma na salfa, mahali pake. Hapo unatafuta mkanda mwembamba ambao usumaku wake umefifia. Kwingine ni kinyume chake: magnetaiti imeletwa pamoja na shaba, kwa hiyo unatafuta mahali ulipopanda. Asiyejua ni hadithi ipi anaifuata, ramani itampa jibu lolote analolitaka.

Upimaji wenyewe unadai nidhamu ya ajabu. Usumaku wa dunia ni kati ya nanotesla 25,000 na 65,000 kutegemea ulipo, na kitu tunachokisaka huenda kinaongeza au kupunguza ishirini tu. Anayebeba kifaa huacha kambini funguo, simu, kisu, mkanda wenye kifungo cha chuma, na buti zenye chuma puani. Niliwahi kufanya kazi na kijana makini sana ambaye usomaji wake ulirukaruka asubuhi nzima. Tulikagua nyaya, tukabadilisha betri, tukazima redio ya gari. Mwishowe tulikuta waya mwembamba umeshonewa ndani ya ukingo wa kofia yake ili usilegee. Kofia ilipovuliwa, mstari wa kwenye skrini ulitulia.

Halafu kuna jua. Usumaku wa mahali pamoja hupanda na kushuka kwa makumi ya nanotesla kati ya asubuhi na jioni, hata kifaa kisiposogezwa. Ndiyo maana kifaa cha pili huachwa kimesimama sehemu moja kutwa, na mabadiliko yake huondolewa kwenye vipimo vya kile kinachotembea. Waliokuwa wakipima tarehe 10 na 11 Mei 2024, dhoruba kubwa ya jua ilipoipiga dunia, wanajua kwamba zipo siku ambazo hata marekebisho hayo hayasaidii. Unafunga vifaa, unapumzika.

Jambo jingine wajiolojia vijana wengi hawafundishwi vya kutosha. Vitabu vingi vya usumaku vimeandikwa na watu wanaoishi mbali na ikweta, na michoro yake inaonyesha mwamba wenye magnetaiti ukiwa na kilele kizuri juu yake. Karibu na ikweta ya sumaku, mistari ya usumaku wa dunia hulala sambamba na ardhi, kwa hiyo picha hupinduka: usomaji hushuka juu ya mwamba na kupanda kidogo pembeni, upande wa kaskazini na wa kusini. Kibaya zaidi, mwamba mrefu mwembamba uliolala kaskazini-kusini unaweza kutoonekana kabisa. Ipo hesabu ya kuigeuza ramani ionekane kana kwamba imepimwa kwenye ncha ya dunia, lakini huko huko ikweta ndiko inakoyumba. Nimewaona wataalamu wenye vyeti vizito wakiweka alama za kuchoronga juu ya rangi nyekundu ya ramani, pembeni kabisa ya kitu chenyewe. Kila alama ya namna hiyo ni njia ya gari, ni miti iliyokatwa, ni maji yaliyovutwa, vyote bure.

Droni imebadilisha sehemu ya kazi hii kwa kiasi ambacho zamani nisingekiamini. Kihisi huning'inizwa kwa kamba mita kadhaa chini yake ili mota zake zisikivuruge, kisha inaruka kimo kile kile juu ya ardhi, ikipanda na kushuka pamoja na vilima. Hakuna anayefyeka njia. Shamba lililolimwa halikanyagwi. Helikopta na ndege bado zina kazi yake kwenye maeneo makubwa, hasa zinapobeba pia kipimo cha mionzi ya asili ya potasiamu, thoriamu na urani, ambacho husoma takriban nusu mita ya juu ya udongo na si zaidi. Onyo langu kwa wenye droni ni moja: waambieni watu kabla haijaruka. Kitu kinachovuma juu ya paa la mtu bila maelezo kitaharibu kwa mchana mmoja uhusiano mliochukua miezi kuujenga.

Sasa nije kwenye mashimo yenyewe ambayo hatukuyachoronga. Tulikuwa tunatafuta shaba na nikeli, na hatua iliyofuata ilikuwa kupima chaji. Unapitisha umeme ardhini kwa elektrodi mbili, unaukata ghafla, halafu unapima jinsi ardhi inavyochelewa kutulia. Chembe za salfaidi, yaani madini ya metali yaliyoungana na salfa, ambamo shaba na nikeli mara nyingi hukaa, hushika chaji kwa muda mfupi, na kuchelewa huko ndiko kunakozitoboa siri zao. Mistari yetu ilirudi na majibu makubwa mno. Rangi ilijaa ramani kutoka ukingo hadi ukingo, na makao makuu wakaanza kuulizia lini mtambo wa kuchoronga unafika.

Mimi nikasikia harufu ya debe tupu. Jibu kubwa kupita kiasi, refu kupita kiasi, linalofuata tabaka la mwamba bila kukatika, mara nyingi si salfaidi. Niliomba siku chache. Tuliufuata mstari hadi mahali mto mdogo ulipoukata, tukatelemka kwenye ukingo. Pale palikuwa na mwamba mweusi wenye tabaka jembambajembamba. Nilipitisha kidole juu yake, kisha nikakipitisha kwenye ukurasa wa daftari, kikaacha mstari mweusi unaong'aa kama wa penseli. Kinywe, madini yale yale ya ndani ya penseli. Hupitisha umeme vizuri sana na hushika chaji kama salfaidi, na kimewadanganya watafiti kuliko kitu kingine chochote ninachokijua, ukiacha udongo wa mfinyanzi.

Kidole pekee hakikutosha, kwa sababu kinywe na salfaidi vinaweza kukaa pamoja. Hapo ndipo uzito unapofanya kazi. Mwamba uliojaa kinywe hauna uzito wa kutisha. Salfaidi iliyoshikamana huzidi mwamba wa kawaida kwa mbali. Tulikodi gravimita, kifaa cha kupima mvuto. Mvuto wa dunia ni kama miligali 980,000, na sisi tulitafuta tofauti ndogo kuliko miligali moja. Ukikosea kimo cha kituo kwa mita moja umeshaongeza kosa la karibu miligali 0.2, kwa hiyo kila kituo kilipimwa mwinuko hadi sentimita. Ni kazi ya kuchosha, mtu anainama, anasawazisha, anasubiri, anaandika, anahama. Sehemu kubwa ya ule mstari haikuonyesha uzito wowote wa ziada. Sehemu moja fupi ilionyesha. Mpango wa kuchoronga mstari mzima ukafutwa, tukabaki na mashimo machache mahali pamoja.

Salfaidi tuliipata pale, ila haikuwa na nikeli ya maana. Hivyo ndivyo miradi mingi inavyoisha, na sioni aibu kuisema.

Kuunganisha uzito na usumaku si ubunifu wa juzi. Hazina kubwa ya shaba ya Olympic Dam kule Australia Kusini iligunduliwa hivyo mwaka 1975: juu ya ardhi hakukuwa na dalili yoyote, madini yalikuwa yamefunikwa na zaidi ya mita mia tatu za miamba isiyohusika, na kilichowapeleka pale ni mahali ambapo ramani ya uzito na ramani ya usumaku ziliitikiana. Nadharia waliyokuwa wakiifuata haikufanana na aina ya madini waliyoyakuta. Huwa nawasimulia vijana hilo wakianza kuipenda nadharia yao kupita kiasi.

Upande wa kemia ya udongo nitapita haraka, ila kwa jambo moja. Kile kipimo cha mkononi cha eksirei kinachosoma elementi kwa sekunde kadhaa ni baraka, na ni mtego. Kinasoma vizuri shaba, zinki, risasi na aseniki. Kwa dhahabu ya viwango vya kawaida vya udongo usikiamini, hata kikikuandikia namba. Udongo mbichi hukidanganya, kwa hiyo ukaushe na kuuchekecha kwanza. Mimi hukitumia kufuata aseniki, ambayo mara nyingi husafiri na dhahabu, kisha sampuli chache ndizo zinazokwenda maabara. Kwingine huhitaji hata kuchimba. Mwaka 2013 watafiti wa CSIRO, taasisi ya sayansi ya Australia, walionyesha kwamba mikaratusi iliyomea juu ya dhahabu iliyoko zaidi ya mita thelathini chini ilikuwa na chembe ndogo mno za dhahabu ndani ya majani yake. Kuchuma majani hakuachi shimo.

Chochote kinachokwenda maabara kiende na sampuli tupu isiyo na madini, sampuli yenye kiwango kinachojulikana, na rudufu. Na nusu ya kore, ile nguzo ya mwamba inayotoka kwenye bomba la kuchoronga, ibaki kwenye kasha. Kampuni ya Bre-X ilikuwa ikisaga kore nzima kule Busang, Indonesia, na udanganyifu wa dhahabu iliyochanganywa kwenye sampuli ulipofichuka mwaka 1997, hakukuwa na nusu ya kurudi kuiangalia. Kanada ilitunga kanuni zake za kuripoti miradi ya madini, NI 43-101, baada ya hapo, zikaanza kutumika mwaka 2001. Kuna miti iliyokatwa na maji yaliyotumika kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Uaminifu wa sampuli nao ni suala la mazingira.

Kuhusu akili mnemba, ninaulizwa sana. Inasaidia kusafisha data za zamani na kulinganisha tabaka nyingi za ramani kwa pamoja. Lakini inajifunza kutokana na madini yaliyokwisha kupatikana, na mengi ya hayo yalipatikana karibu na barabara, kwenye mawe yaliyojitokeza juu. Ukiiacha peke yake itakurudisha huko huko.

Hata hivyo uchorongaji haukwepeki. Hakuna ramani inayothibitisha madini. Bomba ndilo linalothibitisha. Kore ya NQ, moja ya saizi za kawaida, ina kipenyo cha milimita 47.6, na hicho ndicho kidirisha chetu. Tofauti inakuja kwenye namna ya kuchoronga. Mashimo kadhaa ya mshazari yanaweza kutoka kwenye uwanja mmoja wa mtambo badala ya kila moja kuwa na uwanja wake. Maji yanaweza kuchujwa na kurudishwa kwenye bomba badala ya kumwagwa. Udongo wa juu, ambao ndio wenye mbegu, utolewe kwanza na kuwekwa kando, usichanganywe na wa chini. Wakati wa kufunga, bomba la juu hukatwa chini ya usawa wa ardhi, shimo likazibwa kwa saruji hasa linapopita kwenye tabaka la maji, udongo ukarudishwa. Tunauacha ukiwa umenyanyuka kidogo kama kichuguu. Ukisawazishwa kabisa na ardhi, mvua za kwanza huushusha, na anayepita usiku huvunjika mguu.

Hayo yote yanahitaji fedha, na fedha hizo zikisubiri matokeo hazipatikani kamwe, kwa sababu mradi ulioshindwa hauna mtu wa kuuhurumia. Sasa sipokei kazi mpaka nione fungu la kufunga mashimo limetengwa pamoja na la kuyachoronga. Meneja mmoja aliniambia litaongezwa tukipata kitu. Hatukufanya kazi pamoja.

Mwisho kuna data. Leseni ikirudishwa, sheria za nchi nyingi zinataka taarifa zikabidhiwe serikalini, na wengi hukabidhi ripoti nyembamba yenye ramani zisizosomeka. Sisi kwenye ule mradi wa kinywe tulitoa kila kitu: vipimo ghafi vya usumaku pamoja na vile vya kifaa kilichosimama, vituo vya uzito na vimo vyake, makasha ya kore yakiwa na lebo, na maelezo ya kwa nini tuliamini mstari ule ni kinywe. Waliochukua eneo baada yetu walianza na makasha na taarifa hizo. Hawakurudia kupima chaji, hawakuchoronga tena pale tulipokosa nikeli. Walipeleka droni yao upande wa mashariki, ambako sisi hatukuwahi kufika, na nilivyosikia mara ya mwisho bado walikuwa kwenye hatua ya udongo.